Mama Aliposema "Mimi"

Mwezi uliopita nilikuwa Mbeya, katika ukumbi mdogo wa kanisa uliopangwa viti vya plastiki, mbele ya watu waliokuwa wamekisoma kitabu changu. Bado sijazoea kukaa mbele ya watu wa namna hiyo. Baba mmoja alisimama, mnunuzi wa mpunga kutoka Ubaruku, koti lake lingali na vumbi la pumba mabegani.

"Mwalimu," alisema, "kitabu chako kimenitesa. Sura ya kwanza mke anasema mimi. Ya pili mume naye anasema mimi. Ya tatu mama mkwe, mimi. Na kila anayesema, namwamini! Sasa nauliza, huyo mimi mwenyewe hasa ni yupi?"

Ukumbi ulicheka. Nilimjibu kwa yale ninayofundisha darasani miaka yote: nafsi ya kwanza, mtazamo, msimulizi anayejua yote na yule anayejua ya kwake tu. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akakaa. Lakini niliona hajashiba.

Nilipotoka nilipita mbele ya duka la dawa lililokuwa wazi. Ndani dada mmoja alikuwa anapanguza meza kwa pamba, na harufu ya spiriti ikanijia moja kwa moja. Nikasimama pale barabarani kama niliyeitwa. Jibu nililopaswa kumpa yule baba lilikuwa na harufu hiyo.

Ilikuwa harufu ya zahanati ya kijijini kwetu, upande wa Idodi, na ilikuwa harufu ya Mama. Nyinyi wa rika langu mtazikumbuka sindano za kioo zilizochemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na jinsi mlio wake tu ulivyotosha kumliza mtoto aliyekuwa bado yuko nje kwenye foleni. Mama ndiye aliyezichemsha. Alifagia, alisafisha meza, aliita majina. Na kwa kuwa alilelewa Miyomboni, Iringa mjini, kwa shangazi yake, Kiswahili chake kilikuwa chepesi kama Kihehe chake, hivyo akawa pia mkalimani wa daktari.

Daktari tulimwita Dokta Shabani. Alizaliwa Iringa mjini, lakini wazee wake walitoka pwani, na alizungumza Kiswahili cha kunyooka ambacho wazee wa kwetu walikisikiliza kama redio. Kihehe hakukijua kabisa. Mgonjwa aliposema, Mama aligeuza maneno. Dokta alipojibu, Mama aliyarudisha.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Baada ya shule sikuwa na mtu wa kukaa naye nyumbani, kwa hiyo nilipewa kigoda nyuma ya pazia la kijani, pamoja na makasha ya dawa. Kutoka pale sikuona mtu yeyote. Nilisikia tu. Kihehe cha wazee kilinipita, kwa sababu nyumbani tulichanganya, na maneno yao yalikuwa ya ndani sana. Kilichonifikia kikiwa kizima ni sauti ya Mama, kwa Kiswahili.

Na Mama alisema hivi: "Naharisha damu tangu Jumapili."

Akasema: "Mguu umevimba, na jua likizama sioni vizuri."

Akasema: "Nilizika watoto kabla ya huyu. Huyu sitaki kumzika, Dokta. Huyu nimekuja naye mapema."

Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikimsikiliza mama yangu akifa. Kila siku ugonjwa mpya. Nilipomwona anatoka pale akicheka, akifunga kanga yake vizuri, nilijua anatuficha. Nikaanza kumpokea ndoo njiani. Nikawa namwachia kipande changu cha nyama, naye akanirudishia, nami nikamrudishia tena, mpaka akaniuliza kama nina minyoo.

Kisha siku moja nilisikia sauti ile ile ikisema polepole, "Mume wangu ananipiga. Akinywa ananipiga, na asipokunywa pia."

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa mtu mpole mno. Kuku wa Krismasi alichinjiwa na jirani. Lakini sasa nilianza kuitazama mikono yake, myeusi kwa grisi, mikubwa, yenye makovu ya minyororo. Nikaacha kumsalimia. Akiketi karibu nami, nahama.

Alivumilia kwa muda, halafu akaniita pale uani alipokuwa amepindua baiskeli ya mtu, magurudumu juu.

"Njoo hapa. Kwa nini hunisalimii siku hizi?"

Nikaitazama mikono yake.

"Nimekukosea nini, mama?" Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Unampiga Mama," nikasema. "Ukinywa unampiga, na usipokunywa pia."

Spana ilimdondoka. Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya watu wa mbali. "Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe. Alimwambia Dokta."

Baba hakunigombeza. Aligeukia jikoni, akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, sauti ya mtu anayeogopa kidogo: "Mama nanihii! Hebu njoo usikie haya."

Mama alitoka na mwiko mkononi. Nilimwaga yote: damu, mguu, watoto waliozikwa, macho yasiyoona. Alipoelewa alikaa chini pale pale kwenye udongo, akacheka mpaka akalia, na Baba naye akaanza kucheka, cheko la mtu aliyefutiwa kesi. Halafu Mama aliniona sicheki, akanivuta mapajani.

"Yale siyo yangu," alisema. "Ni ya wagonjwa. Mimi nayapitisha tu."

"Mbona unasema mimi?"

Alifikiri. Mama hakuwa na haraka ya kumjibu mtoto.

"Zamani nilikuwa nasema 'yeye'. Dokta anauliza, mimi najibu, 'anasema anaumwa tumbo, anasema mume wake hivi'. Dokta na mimi tunaongea, na mgonjwa amekaa katikati yetu kama gunia. Siku moja mama mmoja alinivuta kanga. Akanambia kwa Kihehe, 'Usiseme habari zangu. Sema mimi.' Nikajaribu. Siku hiyo Dokta alidhani mimi ndiye mjamzito, akaniambia nipande kitandani, foleni nzima ikacheka. Lakini yule mama alinyanyua kichwa. Tangu hapo nasema hivyo."

Nilimwelewa kwa namna ya mtoto, yaani nilijua kwamba hafi na kwamba Baba ni yule yule. Kuhusu hilo neno lenyewe, nilidhani kwamba Mama anawapenda sana wagonjwa, anajiunga nao, anakuwa upande wao. Nilijivuna kidogo. Sikujua kwamba nimekosea tena.

Mwaka huohuo, mahindi yalipokuwa yamekomaa, kulikuwa na shauri la ardhi la Bibi Agnesi. Bibi Agnesi alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto, na alinipenda. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la bondeni, vile vishamba vya unyevu tunavyoviita vinyungu, ambavyo hutoa mboga na maharage hata kiangazi. Mfereji mmoja ulileta maji kutoka kijitoni. Sasa shemeji yake, Mzee Gustino, mdogo wa marehemu, alidai kwamba bonde lote ni la ukoo na mjane hana haki nalo. Bila vinyungu vile Bibi Agnesi angebaki na kuta za nyumba yake tu.

Baraza la kata lilikaa Jumamosi katika darasa letu la shuleni. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, Mnyakyusa kutoka Tukuyu aliyehamia kwetu kikazi akabaki; alikuwa mtu mzuri, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakujua Kihehe zaidi ya kamwene ya kusalimia watu. Bibi Agnesi hakujua Kiswahili. Mzee Gustino alikisikia, lakini hakikumtoka mdomoni. Wakamwomba Mama awe mkalimani wa wote wawili. Alikwenda amevaa kitenge chake cha kanisani, nami nikafuata, nikakaa kwenye dawati langu la kila siku, nikiona fahari kwamba leo mama yangu yuko mbele ya ubao.

Kabla shauri halijaanza Mzee Gustino alisimama, kofia mkononi, akasema kitu kirefu kwa hasira. Watu wakaguna. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Mwenyekiti.

"Mimi simtaki mkalimani huyu," Mama alisema. "Ni rafiki wa shemeji yangu. Wanasukana nywele. Atanipindishia maneno yangu."

Mwenyekiti alishusha miwani. "Ngoja kwanza. Nani anasema hivyo?"

"Mzee Gustino, Mwenyekiti."

"Simtaki mkalimani, mkalimani gani?"

"Mimi, Mwenyekiti."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, hadi wajumbe wa baraza. Mama hakucheka. Alisimama wima akingoja, mikono ameikunja mbele. Mzee Gustino alikuwa ameelewa Kiswahili cha kutosha kujua kwamba neno lake limefika lote, hata la kusukana nywele. Alimwangalia Mama kwa muda, akasema jambo fupi, akakaa.

"Nimeridhika," Mama akasema. "Tuendelee."

"Lakini Mama," Mwenyekiti alisema, "tusichanganyikiwe. Sema 'mdai anasema'."

"Nikisema hivyo, Mwenyekiti, mtakuwa mnanisikia mimi natoa habari zake. Niruhusu nimseme yeye."

Mwenyekiti aliwatazama wajumbe wenzake. Mmoja akainua mabega. "Haya, ndaga," Mwenyekiti alisema, kwa kushukuru kama wanavyoshukuru kwao Tukuyu. "Endelea."

Aliyeanza ni Mzee Gustino. Alisema kipande, akangoja, na Mama akasema.

"Mimi na kaka yangu tulizaliwa tumbo moja. Bonde lile baba yetu alituonyesha tukiwa vijana. Mfereji ule tuliuchimba wawili, mimi na yeye, hapakuwa na mtu mwingine. Jua lilikuwa kali. Tulichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tukakaa ukingoni, tukanywa uji, tukacheka. Kaka akasema, 'Gusti, maji haya watayanywa wajukuu zetu.' Sasa kaka hayupo. Dunia nzima sina tena mtu wa kuniita Gusti. Nikipita pale nasikia jembe lake. Na leo pale pamesimama mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, hana mtoto kwetu, ndiye anaamua maji yaende wapi."

Sauti ya Mama ilikatika alipofika kwenye lile jina, Gusti. Haikuwa imeigiza kilio cha mzee, maana mzee mwenyewe hakulia. Ilikatika tu, kama inavyokatika ya mtu aliyempoteza kaka yake. Mtu mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Masikini, ni kweli."

Kumbe Mama amehama. Kumbe ile "mimi" ya zahanati haikuwa upendo, ilikuwa kitu cha kumpa yeyote, hata mtu anayetaka kumnyang'anya Bibi Agnesi mboga zake. Niliziba masikio. Kisha nikaondoka kwenye dawati langu, nikapita mbele ya watu wote, nikaenda kukaa sakafuni miguuni pa Bibi Agnesi ili Mama anione niko upande gani. Bibi alinishika kichwa. Kiganja chake kilikuwa kigumu na chenye joto. Mama aliniona, bila shaka. Hakubadilisha hata mkao.

Zamu ikafika ya Bibi Agnesi. Alisema kwa sauti ndogo, ameangalia sakafu, na Mama akaipandisha sauti ile kidogo tu, kiasi cha kufika kwa Mwenyekiti.

"Mimi bonde lile nililikuta matete matupu. Tulilifyeka, mimi na mume wangu. Siku ya mfereji nilikuwepo. Niliamka nikasaga ulezi, nikapika uji, nikaubeba kichwani kwenye kibuyu. Nilipofika niliwawekea kibuyu karibu, nikarudi nyuma nikasimama kwenye matete. Walikunywa, wakaanza kucheka. Sikuondoka. Mume wangu hakuwa mtu wa kucheka nyumbani, na nilitaka kumwona. Nilisikia aliposema habari za wajukuu. Sikumpa wajukuu. Sikumpa hata mtoto. Lakini mfereji ule ukijaa tope, anayeufukua kila mwaka ni mimi. Nikiacha kuufukua, siku ile yenyewe itazibwa."

Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya dirisha. Mwenyekiti aliivua miwani yake, akaishika, akaivaa tena.

"Mzee Gustino," alisema. "Umesema mlikuwa wawili, hapakuwa na mtu mwingine."

Mama aligeuza. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Na umesema mlikunywa uji. Huo uji ulitoka wapi?"

Mama aligeuza na hilo, kwa upole ule ule. Mzee Gustino aliizungusha kofia yake mkononi kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Sikumwona akitafuta uongo. Nilimwona akitafuta kweli, anarudi pale ukingoni, anatazama huku na huku. Alipopata alisema kwa shida, na Mama akangoja kidogo kabla ya kusema.

"Aliuleta shemeji. Miaka yote hii naisimulia siku ile, na sijawahi kumweka ndani yake."

Wajumbe walitoka nje wakazungumza karibu na bomba. Waliporudi, Mwenyekiti alisema kwamba vinyungu vitabaki kwa Bibi Agnesi maisha yake yote, kwa kuwa alivifungua na mumewe kwa mikono yake. Maji ya mfereji yatafika pia kwenye shamba la juu la Mzee Gustino, na kazi ya kuufukua itakuwa ya wote wawili. Bibi Agnesi aliposikia kwa Kihehe alikishika kifundo cha mkono wa Mama, akakikaza. Mzee Gustino hakufurahi, sitasema alifurahi. Lakini alipokuwa anatoka alisimama mbele ya Mama, akautafuta Kiswahili chake kidogo.

"Mama," alisema, "wewe umenisema. Hata pale nimeanguka, umenisema vizuri."

Mama aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa heshima kubwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Pale sakafuni nilimwangalia mama yangu kwa macho mapya. Hakuwa amehama upande. Alikuwa amewabeba wote wawili, kila mmoja kwa uzito wake kamili, bila kumpunguzia huyu ili amwongezee yule, na kwa sababu hiyo watu waliweza kuona mwenye uji alipokuwa amesimama. Kama angemfanya Mzee Gustino kuwa mwovu, hakuna ambaye angeuliza swali lile. Tungemzomea tu, tukarudi nyumbani. Msimu uliofuata niliwaona wawili hao wameinama mferejini, mmoja mwanzo na mwingine mwisho, hawazungumzi, wanatupa tope kandokando.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alitueleza kwamba waandishi wa kisasa walimwondoa msimulizi aliyekaa juu ya wote, wakawapa wahusika wenyewe nafasi ya kusema, kila mtu na kipande chake cha siku ile ile, na msomaji aachwe na kazi ya kuviunganisha. Wenzangu waliona ni jambo gumu, geni, la kujifunza kwa shida. Mimi nilitabasamu dawatini. Nilikuwa nimeliona likifanywa mbele ya ubao na mama aliyevaa kitenge cha kanisani, na hakuna aliyelipa jina.

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama na mimi, kwa njia ya mashambani. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Alijaribu kuniambia jambo, kikatoka kikohozi. Nilimbebea viatu vyake vya kisigino, yeye akatembea peku, na sikumbuki siku nyingine niliyotamani hivyo watu wote wa kijiji watuone. Njiani tulikutana na shangazi yangu, dada wa Baba, anatoka kuchuma majani ya maboga.

"Wifi," alimwita Mama kutoka mbali, "habari za barazani? Mbona umechoka hivyo?"

Mama aligusa koo lake, akatikisa kichwa, akanielekeza kwa mkono. Shangazi akanitazama. Nami nikasimama wima, viatu nimevishika kifuani, nikakunja mikono mbele kadiri nilivyoweza.

"Salama, wifi," nikasema. "Nimesema tangu asubuhi, sauti imeniishia. Lakini sikumwangusha mtu."

Nilingoja anicheke, kitoto cha darasa la kwanza kinachomwita shangazi yake wifi. Hakucheka. Macho yake yalinipita juu ya kichwa, yakatua kwa Mama, yakabaki pale.

"Pole, wifi yangu," alimwambia. "Hongera sana."